Simba Aliyeimbwa na Dunia Nzima: Habari za Wimbo « Mbube »

Wimbo hutembea kuliko mtu. Mtu akitaka kuvuka mpaka aulizwa karatasi. Wimbo hauulizwi kitu. Mama mmoja aanza wimbo leo akitwanga muhogo. Kesho jirani yake auimba. Kesho kutwa waimbwa katika kijiji cha pili kwa lugha nyingine. Na baada ya mwaka hakuna tena akumbukaye ni nani aliyeuanza. Kwa nyimbo za kutwanga, jambo hilo halimdhuru mtu. Lakini wimbo ukianza kuuzwa, na fedha zikaanza kuingia, yatupasa kuuliza: fedha hizo ni za nani?

Leo twataka kuwasimulia habari za wimbo mmoja wa Afrika uliopita katika lugha nyingi, ukaimbwa na Weusi na Wazungu, wakubwa kwa watoto, katika karibu nchi zote za dunia. Wengi wenu mmekwisha kuusikia, hata kama hamjui jina lake la kwanza. Jina lake la kwanza ni « Mbube », na aliyeutunga ni Solomon Linda, Mzulu wa Afrika ya Kusini.

Mchunga ng'ombe wa Msinga

Solomon Linda alizaliwa mwaka wa 1909 katika nchi ya Msinga, karibu na Pomeroy, jimbo la Natal. Nchi hiyo ni kavu, ya vilima na mawe, na wenyeji wake ni wachungaji. Kama watoto wote wa huko, Solomon alichunga ng'ombe wa baba yake. Inasimuliwa kwamba wimbo wake ulitoka katika kumbukumbu ya siku zile, vijana walipomfukuza simba aliyenyemelea ndama wao.

Alisoma katika shule ya misioni ya Waskoti iitwayo Gordon Memorial. Huko alisikia namna ya kuimba kwa sauti nne, kila kundi la waimbaji likishika njia yake, na zote zikipatana. Wazulu walikuwa na namna yao ya kuimba tangu zamani: mmoja aongoza, wengine wanamwitikia. Vijana wa wakati ule waliziunganisha namna hizo mbili, wakaimba katika arusi na sikukuu.

Mwaka wa 1931 Solomon alifanya kama walivyofanya vijana maelfu wa siku zile: aliacha ng'ombe, akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Sisi wa Kongo twalifahamu jambo hilo vizuri, kwa maana babu zetu nao waliacha vijiji kwenda katika migodi ya Katanga. Solomon alipata kazi katika duka la vyombo vya nyumba, na baadaye katika hoteli kubwa iitwayo Carlton. Juma zima alifanya kazi. Siku ya Jumamosi jioni aliimba. Katika kambi za wafanyakazi palikuwa na mashindano ya waimbaji usiku kucha, na watu walikuja kwa wingi kusikiliza.

Kikundi chake kiliitwa Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni. Walikuwa watu sita. Walivaa suti za mistari, kofia na viatu vya rangi mbili, hata mtu asiyewajua angedhani ni makarani wakubwa. Lakini uhodari wao haukuwa katika mavazi. Solomon aliweka waimbaji watatu katika sauti nzito ya chini, pale ambapo vikundi vingine viliweka mmoja. Sauti hizo tatu zilikuwa kama msingi wa nyumba. Naye mwenyewe, aliyekuwa mtu mrefu sana, aliimba juu yao kwa sauti nyembamba ya juu kama ya mwanamke. Waliomsikia hawakumsahau.

Siku ya kunasa wimbo

Siku zile palikuwako Johannesburg kampuni ya Eric Gallo iliyouza sahani za gramofoni. Gallo alikuwa amejenga studio yake mwenyewe ya kunasa sauti, ya kwanza katika sehemu ile ya Afrika. Mtu wake wa kutafuta waimbaji alikuwa Griffiths Motsieloa, mtu Mweusi mwenye elimu, naye mwimbaji. Ndiye aliyewaita Evening Birds katika studio.

Mwaka wa 1939 walinasa « Mbube ». Kwa Kizulu neno hilo maana yake ni simba. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, wenye maneno machache sana. Kazi kubwa ilikuwa ya sauti. Mara ya kwanza haikufaa. Mara ya pili haikufaa. Mara ya tatu, sauti nzito zilikuwa zikizunguka chini bila kuchoka, na Solomon akawa anapaza sauti juu yao apendavyo. Ndipo, karibu na mwisho wa sahani, akatoa ghafula mfululizo mdogo wa sauti ambao hakuuandaa. Ulidumu kitambo kidogo tu, kisha ukaisha. Kumbe mfululizo huo mdogo ndio uliokuja kuzunguka dunia yote.

Sahani ile ilipendwa kupita kiasi. Kwa muda wa miaka kumi hivi ziliuzwa karibu 100,000 katika Afrika, jambo kubwa sana kwa siku zile ambapo wafanyakazi wachache tu walikuwa na gramofoni. Jina la wimbo likawa jina la namna nzima ya kuimba: vikundi vyote vilivyofuata njia ya Solomon viliitwa waimbaji wa mbube. Katika ukoo huo wa waimbaji alizaliwa baadaye Joseph Shabalala na kikundi chake Ladysmith Black Mambazo, kinachojulikana duniani pote.

Na Solomon alipata nini? Alipewa shilingi 10. Kwa shilingi hizo alimwachia Gallo haki zote za wimbo. Tena akapewa kazi katika kiwanda cha kampuni: kufunga sahani katika makasha. Basi mtunzi wa wimbo alikuwa akifunga kwa mikono yake sahani zilizowatajirisha wengine, na mwisho wa juma alipokea mshahara wa mfanyakazi asiye na ufundi.

Wimbo wavuka bahari

Karibu na mwaka wa 1949 sahani kadha za Gallo zilifika New York. Alan Lomax, mtu aliyekusanya nyimbo za watu wa nchi mbalimbali, alizichukua akampelekea rafiki yake Pete Seeger, mwimbaji na mpigaji banjo. Seeger alizisikiliza, alipofika kwenye « Mbube » aliirudia mara nyingi, akaiandika sauti kwa sauti.

Hapa ndipo wimbo ulipoanza kubadili lugha, tena kwa namna ya kuchekesha. Seeger hakujua Kizulu. Waimbaji walikuwa wakitamka neno « uyimbube », yaani « wewe ni simba ». Seeger alisikia « wimoweh », akaliandika hivyo. Neno hilo halina maana kwa Kizulu wala kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine yoyote. Ni kosa la sikio tu. Lakini lilipendeza mdomoni, nalo likaimbwa na mamilioni ya watu. Seeger alidhani pia kwamba wimbo ni wa kale, wa kabila zima, nao unamhusu Shaka, mfalme wa Wazulu, aliye kama simba aliyelala ambaye siku moja ataamka. Hilo nalo halikutoka kwa Solomon.

Kikundi cha Seeger, The Weavers, kilinasa « Wimoweh » mwishoni mwa mwaka wa 1951, pamoja na vyombo vingi vya muziki. Mwanzoni mwa 1952 ulikuwa kati ya nyimbo zilizopendwa zaidi katika Marekani. Katika karatasi ya sahani, mahali pa jina la mtunzi, paliandikwa « Paul Campbell ». Ndugu wasomaji, mtu huyo hakuwako. Lilikuwa jina la kubuni tu, lililotumiwa kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa hazina mwenyewe, ili fungu la mtunzi liingie katika mfuko wa mchapishaji na wa waimbaji.

Baada ya maneno kupita kati ya mchapishaji wa New York na kampuni ya Gallo, walipatana: Wamarekani washike wimbo kwao, Gallo ashike sehemu yake katika Afrika. Wakubwa wawili waligawana nyama. Mwenye kuwinda hakuulizwa. Yafaa lakini tuseme na jambo la haki: Seeger alipojua kwamba wimbo una mtunzi aliye hai, alimpelekea Solomon dola 1,000, akataka mchapishaji amlipe tangu hapo. Kwa miaka mingi aliamini kwamba malipo yanaenda. Baadaye alisikitika kuona kwamba hakuyafuatilia.

Simba alala, simba afa

Mwaka wa 1961 vijana wa Brooklyn, katika mji wa New York, walioitwa The Tokens, walitaka kuimba « Wimoweh ». Wakubwa wa sahani waliona kwamba wimbo usio na maneno hauuziki sana. Basi wakamwita George David Weiss, fundi wa kutunga maneno ya nyimbo. Weiss alichukua ule mfululizo mdogo wa sauti ambao Solomon aliutoa karibu na mwisho wa sahani yake ya 1939, akaufanya kuwa njia kuu ya wimbo, akauvika maneno ya Kiingereza. Jina likawa « The Lion Sleeps Tonight », maana yake: Simba alala usiku huu. Mwezi wa Desemba 1961 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika Marekani.

Maneno yenyewe yanamlaza simba katika pori kubwa lenye miti mingi. Sisi tunaokaa karibu na msitu twaweza kucheka kidogo, maana twajua kwamba simba hakai katika msitu mnene. Makao yake ni mbuga ya majani, penye swala na nyati. Lakini mtunzi wa New York alitunga Afrika ya mawazo yake.

Mwaka wa 1962 wimbo ukaingia katika Kifaransa. Henri Salvador, mwimbaji aliyezaliwa Cayenne katika Guyane, aliuimba kwa jina « Le lion est mort ce soir », yaani: Simba amekufa usiku huu. Angalieni basi safari ya mnyama huyu! Kwa Kizulu alikuwa simba hai, aliyesifiwa. Kwa Kiingereza alilala usingizi. Kwa Kifaransa akafa. Kila mfasiri alichukua alichopenda, akaacha mengine, na hakuna aliyerudi Johannesburg kumwuliza mwenyewe alitaka kusema nini.

Hatusemi kwamba kufasiri wimbo ni kosa. Hapana. Wimbo usiofasiriwa hukaa nyumbani tu. Miriam Makeba, binti wa Afrika ya Kusini, aliuimba Marekani mwaka wa 1960 kwa maneno ya Kizulu, watu wakaupenda vilevile. Katika Uingereza Karl Denver aliuimba, na mwaka wa 1982 kikundi Tight Fit kikaufikisha tena nafasi ya kwanza huko. Katika miaka ya 1990 Wafaransa waliurudia tena. Ni utajiri kwa watu wote kwamba sauti ya mchunga ng'ombe wa Msinga ilifika mbali hivyo. Ubaya haukuwa katika kufasiri. Ubaya ulikuwa katika kufuta jina. Kwenye sahani ya 1961 waliandikwa Weiss na wakubwa wawili wa kazi ile, Hugo Peretti na Luigi Creatore. Jina la Linda halikuwapo.

Kifo cha mtunzi

Mwaka wa 1959 Solomon Linda alianguka jukwaani akiimba. Waganga waliona kwamba figo zake zimeharibika. Alikufa tarehe 8 Oktoba 1962, akiwa na miaka 53, mwaka uleule ambapo wimbo wake ulikuwa ukiimbwa New York na Paris. Katika benki aliacha fedha zisizofika dola 25. Mjane wake alikaa Soweto na watoto katika nyumba yenye sakafu ya udongo na mavi ya ng'ombe. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe la kuandikwa jina, kwa sababu jamaa hawakuwa na fedha za kulinunua.

Huku nyuma wimbo uliendelea kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenye kudai haki za wimbo katika Marekani walishtakiana wao kwa wao mbele ya mahakama ya New York, kila mmoja akisema ni wake. Mwaka wa 1994 kampuni ya Disney iliutia katika filamu yake « The Lion King », ambayo watoto wa dunia nzima waliiona. Na tangu 1997 hadithi hiyo yachezwa pia jukwaani.

Sheria ya zamani yaamka

Mwaka wa 2000 Rian Malan, mwandishi wa Afrika ya Kusini, alichapisha habari ndefu katika gazeti Rolling Stone la Marekani. Aliufuata wimbo hatua kwa hatua tangu shilingi 10 mpaka filamu, akakadiria kwamba wimbo ulizaa dola milioni 15 hivi. Watu wengi waliona haya.

Lakini haya peke yake hailipi deni. Ilihitajiwa sheria. Mwanasheria Owen Dean alichungua vitabu vya zamani, akakuta kitu kilichosahauliwa. Wimbo ulipotungwa, Afrika ya Kusini ilikuwa chini ya sheria ya Waingereza ya mwaka wa 1911. Sheria hiyo ilisema kwamba mtunzi akiuza haki yake, na akafa, basi baada ya miaka 25 tangu kifo chake haki hiyo yarudi kwa warithi wake. Waliotunga sheria waliwafikiria watunzi maskini wanaouza kazi yao kwa bei ndogo kabla haijajulikana thamani yake. Solomon alikufa mwaka wa 1962. Kwa hiyo tangu 1987 haki katika nchi zilizokuwa chini ya sheria ile zilikuwa zimerudi kwa watoto wake, nao hawakujua.

Mwaka wa 2004 mashtaka yalipelekwa mahakamani Pretoria juu ya kampuni ya Disney, wakidai dola milioni 1.6. Watu walicheka mwanzoni: binti watatu maskini wa Soweto wanashindana na tembo! Lakini wanasheria wao waliiomba mahakama izuie alama za biashara za Disney katika Afrika ya Kusini mpaka neno liishe, nayo mahakama ikakubali. Hapo tembo akageuka kusikiliza.

Mwezi wa Februari 2006 walipatana. Kampuni ya Abilene Music, iliyoshika haki za wimbo na kuwapa Disney ruhusa ya kuutumia, ilikubali kuwalipa warithi kwa miaka iliyopita na kwa siku zijazo, na jina la Solomon Linda liandikwe kuwa mtunzi pamoja na wengine. Fedha ziliwekwa chini ya wasimamizi. Mambo hayakuisha bila manung'uniko. Filamu moja ya mwaka wa 2019, « The Lion's Share », ilionyesha kwamba warithi bado walijiuliza kama walipata kiasi kilichowapasa. Hata hivyo jina limerudi mahali pake, na anayetafuta leo ni nani aliyetunga wimbo wa simba amkuta Mzulu wa Msinga.

Tujifunze nini?

Wazee walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Solomon Linda alinyongwa vya kutosha, na haki yake ilikuja alipokuwa amelala kaburini zaidi ya miaka 40.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Kampuni ileile ya Gallo iliuza pia sahani za Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa wetu wa Katanga aliyeimba Kiswahili, ambaye Hugh Tracey alimnasa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka wa 1952. Kongo ni nchi ya waimbaji. Nyimbo zetu zatoka kila siku katika vijiji, katika kambi, katika kwaya za parokia. Je, majina ya watunzi twayaandika?

Mara nyingi sivyo. Kwaya yapata wimbo mzuri kutoka parokia nyingine. Yabadili maneno kutoka Mashi hata Kiswahili, au kutoka Kiswahili hata Lingala. Katika daftari laandikwa neno moja tu, « wimbo wa kienyeji ». Kumbe aliyeutunga ni mwalimu fulani, yu hai, ana watoto wa kusomesha. Neno hilo « wa kienyeji » ndilo lililomwondoa Solomon Linda katika sahani yake mwenyewe. Watu walidhani kwamba nyimbo za Afrika zaota kama majani, bila mpandaji. Sisi tunaojua kwamba kila wimbo una kinywa kilichouanza, tusidhani hivyo.

Basi wakubwa wa kwaya wafanye mambo matatu mepesi. Wa kwanza kuandika wimbo katika daftari aandike jina la mtunzi, mahali na mwaka. Anayeufasiri aandike jina lake chini ya lile la mtunzi, si mahali pake. Na wimbo ukitaka kunaswa na kuuzwa, mtunzi asitie mkono katika karatasi asiyoielewa. Atafute kwanza mtu wa kumsomea na kumweleza. Katika nchi yetu sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Na mkisikia tena wimbo ule wa simba, redioni au katika vinywa vya watoto, imbeni nao bila hofu, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Kisha waambieni watoto ni nani aliyeutunga. Deni la namna hiyo kila mtu aweza kulilipa, wala halihitaji hata shilingi moja.